Wavumbuzi wanahimizwa kuomba hataza, hawaambiwi kuhusu makosa

Mhariri,

Kila msimu wa maonyesho ya Sabasaba na Nane Nane, wavumbuzi huhimizwa kwa vipaza sauti wawahi kuomba hataza kabla kazi yao haijaibwa. Wanagaiwa vipeperushi, wanapiga picha na mgeni rasmi. Kisichotajwa ni kwamba ombi likishapokelewa na kupewa tarehe, nafasi ya kulisahihisha ni finyu mno.

Anwani au jina lililokosewa hurekebishwa bila vurugu. Shida iko kwenye maelezo na madai, yaani zile ibara zinazoweka mpaka wa kile anachokidai mvumbuzi. Hapo kanuni ni kali karibu kila nchi: haliongezwi jambo ambalo halikuwamo siku ombi lilipowasilishwa. Aliyeandika bomba la milimita 5 akikusudia sentimita 5 atasikilizwa endapo tu mtaalamu wa fani hiyo, akisoma ombi, ataona wazi kwamba pamekosewa na kwamba sahihi haiwezi kuwa nyingine. Kama milimita 5 nayo inawezekana, imekula kwake.

Anayetegemea huruma ya mahakama aiangalie kesi ya Chef America dhidi ya Lamb-Weston, iliyoamuliwa Marekani mwaka 2004. Hataza ilihusu namna ya kuoka donge la unga. Madai yalisema donge lenyewe lipashwe moto hadi lifikie nyuzi 400 mpaka 850 za Farenhaiti, ilhali mwenye hataza alidai kwamba joto hilo ni la tanuri. Donge likifika huko linakuwa mkaa, na hakuna aliyebisha. Majaji walikataa kuyaandika upya madai. Lamb-Weston, kampuni iliyoshtakiwa, ambayo madonge yake hayakufikia joto hilo, ikashinda.

Mwaka uliofuata likaja la kushangaza zaidi. Katika kesi ya Group One dhidi ya Hallmark, maneno yaliyodondoka kwenye madai yaliachwa na ofisi ya hataza yenyewe. Aliyeumia ni mwenye hataza.

Mambo haya si ya Wamarekani peke yao. Kenya na Tanzania ni wanachama wa Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, na anayepitia njia hiyo ana miezi 26 tangu tarehe ya kipaumbele, yaani siku ya ombi la kwanza, kuomba kosa la wazi lisahihishwe. Ukurasa mzima uliosahauliwa hauhesabiwi kuwa kosa la namna hiyo. Kuna pia miezi 12 ambayo mvumbuzi anaweza kuwasilisha ombi jipya lililonyooshwa na kudai tarehe ya lile la kwanza, ingawa jambo jipya litahesabiwa kuanzia tarehe mpya. Fundi wa mashine ya kukoboa mpunga, asiye na fedha za wakala, atayajulia wapi haya?

Ofisi za hataza zitajibu kwamba kazi yao si kumwandikia mtu madai. Sawa, wala hakuna aliyeomba hivyo. Kinachotakiwa ni ukurasa mmoja wa Kiswahili ubandikwe mbele ya kila fomu, ukieleza kipi kinasahihishika, kipi hakisahihishiki na muda unaisha lini. Tena ugawiwe pale pale kwenye maonyesho, kabla mvumbuzi hajalipa ada.

Msomaji wenu,
Morogoro