Damu Yetu, Mikataba Yao

Serikali mbili zinapoketi mezani kupatana juu ya damu ya watu wao, dawa zao na kumbukumbu za maradhi yao, ni nani mwenye haki ya kujua yaliyoandikwa? Twauliza bila kutafuna maneno, kwani tangu enzi za chama kimoja swali hili limekuwa likiulizwa kwa minong'ono, na jibu limekuwa lile lile: ya kitaalamu waachieni wataalamu, ya serikali waachieni wakubwa.

Hatupingi ushirikiano. Tunalitamka hili mapema kwa kuwa tunawafahamu wale ambao mwananchi akidai hesabu humwita adui wa maendeleo. Kikosi cha utafiti wa tiba cha jeshi la Marekani kilikuja Kenya mwaka 1969 kuchunguza ugonjwa wa malale. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliundwa mwaka 1979, na mwaka huo huo ikaanza kushirikiana na CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa. Mwaka 1989 ikaanzishwa kazi ya Kilifi, pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford na wakfu wa Wellcome wa Uingereza. Wageni hawa wamekaa nasi muda mrefu kuliko marais wengi wa bara hili wanavyokaa madarakani, na hilo, kwa bara hili, si jambo dogo.

Matunda yapo, tena ya kuonekana kwa macho. Kati ya mwaka 1993 na 1995 vyandarua vilivyotiwa dawa vilijaribiwa Kilifi, na vifo vya watoto wadogo vikapungua kwa karibu theluthi moja. Wabishi wakasema Kilifi si Siaya. Mahali ambapo mbu wa malaria huuma mwaka mzima, chandarua kitafaa nini? KEMRI na CDC wakalipeleka swali hilo Asembo na Gem katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wa mwezi mmoja hadi miezi 59 vilipungua kwa takriban asilimia 16, na kwamba hata nyumba zisizokuwa na chandarua zilipata nafuu kwa kupakana na zilizokuwa nacho. Hiyo ndiyo sayansi tunayoiheshimu: swali liliulizwa waziwazi, vijiji vikapangwa kwa kura, watoto wakahesabiwa, na jibu likachapishwa ili anayeweza kulipinga alipinge.

Lakini tazama yaliyofuata. Jibu la Kilifi lilichapishwa mwaka 1996. Kwa miaka mingi baada ya hapo chandarua kikaendelea kuwa bidhaa ya kuuzwa. Mwaka 2004 mama mjamzito alikipata kliniki kwa shilingi 50, na hiyo ikahesabiwa kuwa hisani. Ugawaji mkubwa wa bure kwa watoto, vyandarua milioni 3.4, ulifanyika mwaka 2006. Miaka kumi! Na elimu ile ilikuwa imekwisha kulipiwa: katika vijiji vilivyongoja zamu yao bila vyandarua, watoto waliokufa ndio waliotupatia hesabu. Utafiti ulikamilika, wataalamu wakapongezana, majarida ya ng'ambo yakaandika. Mkataba wa utafiti ulikuwa na tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Haukuwa na siku ambayo mama wa Kilifi angeweza kusimama na kudai kilichopatikana kwa mtoto wake.

Sasa litazame jambo la pili, ambalo waliokuwa watu wazima wakati ule hawajalisahau. Julai 1990, mwezi ule ule wa Saba Saba, Kenneth Matiba na Charles Rubia wakiwa kizuizini na vijana wakipigwa marungu barabarani, Rais Moi alizindua Kemron, dawa iliyotolewa na KEMRI, ikisemekana kuwa inatibu UKIMWI. Ilikuwa ni intaferoni kwa kipimo kidogo sana, ya kuyeyushwa mdomoni. Taifa likaambiwa lishangilie. Wagonjwa wakapiga foleni, na wengine wakafunga safari kutoka nchi za nje kuja Nairobi. Majaribio yaliyofanywa baadaye mahali pengine, yakiwemo yaliyosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, hayakuona manufaa yaliyotangazwa.

Hatusemi kwamba ni dhambi mtafiti kujaribu dawa isiyofaulu. Dawa nyingi hazifaulu, na bila kujaribu hakuna tiba. Tunachosema ni kwamba matokeo machanga ya utafiti yalifanywa mapambo ya utawala. Daktari aliyetaka kuuliza ni wagonjwa wangapi waliopimwa, wakilinganishwa na nani, na kwa muda gani, angeuliza wapi? Bungeni kulikuwa na chama kimoja. Redio ilikuwa ya serikali. Kuishuku Kemron kulikaribia kuwa ni kumshuku Rais, na kumshuku Rais kulikuwa na gharama yake. Ndipo tunapowajibu wanaodhani kwamba vyama vingi ni kelele za wanasiasa wanaotafuta vyeo: kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, mgonjwa naye alipata kitu. Alipata mahali pa kuulizia. Hata hivyo serikali ilijikokota. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI alitambuliwa nchini mwaka 1984, na ugonjwa ukatangazwa kuwa janga la taifa Novemba 1999. Hiyo ni miaka 15, na makaburi yake hayana idadi.

Usiri huzaa hofu. Wazee wetu walikuwa na neno mumiani, na kila palipochukuliwa damu bila maelezo neno hilo lilifufuka. Msomi akicheka, na acheke. Lakini mwanakijiji aliyechomwa kidole bila kuambiwa damu inakwenda wapi, itakaa huko miaka mingapi na nani ataiuza kitakachotokana nayo, hana ushirikina zaidi ya mwekezaji anayekataa kutia saini karatasi asiyoisoma. Hofu haikuwa ya wanakijiji peke yao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walifanya kazi kwa miaka na wanawake wa Majengo ambao, ijapokuwa walikutana na virusi mara nyingi, hawakuambukizwa. Kutokana na elimu hiyo ikabuniwa chanjo ya majaribio, na ilipofika mwaka 2000 watafiti hao wakalalamika hadharani kwamba wenzao wa Uingereza walikuwa wameiandikishia hataza bila wao. Mapatano yakabidi kurekebishwa. Ikiwa profesa aliye na jina na ofisi aliweza kuachwa nje, mwanamke wa Majengo alisimama wapi?

Tunayataja haya si kwa kupenda kufukua ya kale. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kwa muda wa majuma machache kliniki za UKIMWI zilizotegemea fedha hizo zikafungwa au zikaachisha wahudumu kazi. Hapo ndipo wengi walipotambua kwamba uhai wao ulikuwa umeandikwa katika hati wasiyopata kuiona. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya; Kenya haijaifikia ahadi hiyo. Anayelishwa hachagui chakula, na wakubwa wetu wamezoea kulishwa.

Kisha, tarehe 4 Desemba 2025, mkataba mpya wa afya ukatiwa saini Washington: miaka mitano, dola bilioni 1.6 kutoka Marekani, na dola milioni 850 ambazo Kenya yenyewe iliahidi kuongeza. Fedha hizo zitatoka katika kodi ya muuza mboga. Walalamikaji wakaenda mahakamani wakisema kwamba Bunge halikuupitisha wala wananchi hawakushirikishwa, na katika majuma yale yale Mahakama Kuu ikazuia kwa muda utekelezaji wa sehemu inayohusu kuhamisha takwimu za afya za Wakenya. Serikali ilijibu kwamba takwimu hizo zitalindwa na sheria za nchi. Vyema. Sheria hizo tunazijua, maana watu walilala korokoroni ili ziwepo. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 chataka wananchi washirikishwe, cha 31 chalinda siri ya mtu, cha 35 chatoa haki ya kupata habari. Iko sheria ya mwaka 2012 ya kuridhia mikataba, na ya mwaka 2019 ya kulinda takwimu. Je, ni ipi kati ya hizo inayosema saini hutangulia na maswali hufuata?

Madai yetu hayahitaji mwanasheria. Kila mkataba wa afya na wa utafiti baina ya serikali yetu na ya kigeni uwekwe mezani Bungeni kabla ya wino kukauka, si baada yake, na uchapishwe kwa Kiswahili. Uonyeshe damu inahifadhiwa wapi na kwa muda gani. Uonyeshe ni nani mwenye hataza. Useme ni lini tiba au chanjo iliyojaribiwa kijijini itarudi kijijini humo, na kwa bei gani. Useme pia nini kitatokea mfadhili akiondoka usiku, na ni fungu gani la bajeti litakaloshika nafasi yake asubuhi. Tukiambiwa kwamba masharti kama haya yatawafukuza washirika, tutauliza ni mshirika gani mwema anayefukuzwa na karatasi kusomwa.

Ndugu msomaji, mbunge wako ana ofisi katika eneo lako la uchaguzi. Nenda ukamuulize kama ameusoma mkataba wa Desemba 2025. Akisema ameusoma, mwombe akueleze kinachosemwa humo kuhusu kadi yako ya kliniki, na uyaandike atakayoyajibu.