Mtambo Mbovu Usimdanganye Rubani

Kwa sisi wakaazi wa visiwani, ndege si anasa. Hubeba wagonjwa, watumishi wa Serikali, wafanyabiashara na wageni. Kwa hivyo usalama wake unamhusu kila mwananchi, hata yule ambaye hajapata kuipanda.

Usiku, au mawingu yanapotanda, rubani hutua kwa kuongozwa na mitambo ya redio iliyowekwa uwanjani. Mwale mmoja humweka sawa na njia ya kutulia, na mwengine humwonyesha mteremko wa kushukia, ambao kwa kawaida ni nyuzi 3. Marubani wana haki ya kuutilia wasiwasi mwale huu wa pili, na visiwa viwili vya Bahari ya Pasifiki ni ushahidi.

Tarehe 6 Agosti, 1997, ndege ya Korean Air iligonga kilima kisiwani Guam, kiasi cha maili 3 kabla ya uwanja. Watu 228 kati ya 254 walifariki. Mtambo wa mteremko ulikuwa umezimwa kwa muda na taarifa ilikwisha tolewa. Hata hivyo marubani walibishana iwapo unafanya kazi au la. Uchunguzi ulimlaumu rubani mkuu, lakini haukuishia hapo. Ulibainisha pia kwamba chombo cha kuwatahadharisha waongoza ndege pindi ndege ikishuka mno kilikuwa kimezuiliwa kwa makusudi, ili kuepuka maonyo ya bure.

Tarehe 29 Julai, 2000, ndege ya Air New Zealand ilikuwa ikishuka usiku huko Faleolo, Samoa. Mshale ulionyesha kwamba imo katika mteremko sahihi, wala hapakuwa na ishara ya hitilafu. Kumbe mtambo ulikuwa ukitoa mawimbi ya uwongo. Marubani walinusurika kwa kulinganisha umbali na kimo. Walipoipandisha ndege walikuwa chini ya futi 400, zaidi ya maili 5 kutoka uwanjani, mahali walipopaswa kuwa juu ya futi 1,500.

Sisi watu wa bahari tunalifahamu jambo hili. Mnara wa taa ukizimika, nahodha hujua yumo gizani, akapunguza tanga. Ukiwaka mahali pasipo pake, humpeleka mwambani huku akishukuru.

Kwa hivyo tunasema: mtambo unaotiliwa shaka uzimwe mara moja, na kila rubani aarifiwe. Rubani anayeripoti kasoro asikilizwe, asitishwe wala kuonekana mkorofi. Fungu la matengenezo na vipuri lisiwe la kwanza kupunguzwa bajeti inapobana. Na marubani nao wasiuamini mshale peke yake, bali wapime kimo chao kwa kila maili.

Roho za abiria ni amana. Mwenye dhamana ya mtambo asiridhike kwa kuwa taa yake inawaka. Ahakikishe kwamba inasema kweli.