Dawa ya ukungu nayo ni sumu

Kabla hujaziosha nyanya ulizonunua jana, hebu chukua moja uitazame pale karibu na kikonyo. Msimu wa mvua, mara nyingi utaona madoa meupe au ya manjano hafifu, kama unga uliomwagika hapo ukakauka. Wengi wetu mjini huyapangusa kwa kidole au kwa pindo la leso, kisha tukaikata nyanya na kuitumbukiza katika sufuria ya vitunguu.

Si kila weupe ni dawa. Huenda ikawa mbolea ya maji inayonyunyiziwa majani, au vumbi tu la safari ya kutoka Mwea au Loitokitok. Lakini mara nyingi huwa ni mabaki ya dawa ya ukungu, na kuhusu dawa hiyo kuna imani moja iliyoenea mashambani na mijini. Watu huamini kwamba dawa ya wadudu ndiyo sumu, ilhali ya ukungu ni dawa tu, haina neno, kama ile ya kikohozi tunayowapa watoto.

Tuanze na mkulima, maana si haki kumlaumu mtu kabla ya kujua kinachomkosesha usingizi. Nyanya na viazi vina adui mmoja anayependa baridi na unyevu. Jumatatu shamba ni la kijani kibichi, Ijumaa majani ni meusi kana kwamba yamemwagiwa maji moto. Ni ugonjwa huo huo ulioharibu viazi huko Ireland kuanzia mwaka wa 1845, watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi, na wengine kama idadi hiyo wakaihama nchi yao. Mkulima wa Kinangop ambaye amekopa pesa za mbegu na ana karo ya kulipa Januari hatangoja aone kama mvua itapungua. Atanyunyiza. Mvua ikiosha dawa, atanyunyiza tena wiki hiyo hiyo.

Dawa hizi zilianza kwa kisa cha kuchekesha. Katika wilaya ya Médoc, Ufaransa, wakulima walikuwa wakipaka mizabibu iliyo kando ya barabara mrututu, yaani yale mawe ya buluu, pamoja na chokaa, ili wapita njia waone rangi mbaya wasiibe zabibu. Mwaka wa 1882 profesa mmoja aitwaye Millardet alitambua kwamba mizabibu hiyo iliyopakwa ndiyo iliyobaki na majani yake wakati mingine iliponyauka kwa ukungu. Mwaka wa 1885 akatangaza mchanganyiko huo, na hadi leo unatumika.

Hapa kwetu dawa za shaba za namna hiyo zimetumika mno katika kahawa, dhidi ya ugonjwa wa matunda ya kahawa ulioonekana kwanza magharibi mwa Kenya mwaka wa 1922. Ubaya wa shaba ni kwamba haiozi. Ukinyunyiza mwaka huu na mwaka ujao, yote hukusanyika katika udongo, na nyungunyungu, ambao ndio wanaoulima udongo bila malipo, hawaipendi. Ndiyo maana naona kazi ya watafiti wetu wa Ruiru haijasifiwa vya kutosha. Aina ya kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka wa 1985, na Batian, iliyotolewa mwaka wa 2010, huhimili ugonjwa huo zenyewe, na mkulima aliyezipanda hahitaji kubeba bomba mgongoni kila mara.

Kwa nyanya na viazi, dawa iliyoshika soko tangu miaka ya 1960 ni nyingine. Kwenye pakiti utaisoma kama mancozeb. Sisi tuiite mankozebu. Ni unga wa kijivu unaoelekea manjano, wenye madini ya manganizi na zinki ndani yake. Huuzwa peke yake au ikiwa imechanganywa na dawa nyingine, kwa majina mengi ya biashara.

Hapa ndipo penye mtego. Ukiingia katika duka la agroveti utaona kwamba pakiti za dawa zina ukanda wa rangi chini ya maandishi. Nyekundu ni sumu kali, hufuata manjano, kisha buluu, na mwisho kijani. Katika orodha ya Shirika la Afya Duniani, mankozebu imo katika kundi la mwisho, la dawa zisizoelekea kumdhuru mtu papo hapo zikitumiwa inavyotakiwa. Kijana akiona rangi ya kijani huvua shati kwa sababu ya jua, akakoroga dawa kwa mkono mtupu, akaenda zake.

Lakini rangi hiyo hujibu swali moja tu: ni kiasi gani cha dawa kinachoweza kumuua panya wa maabara kwa mara moja? Haikwambii litakalompata mtu anayepumua kidogo kidogo kila wiki kwa miaka kumi, wala mke wake mjamzito anayefua nguo zile, wala samaki wa mto ulio chini ya shamba. Na samaki, kwa taarifa yako, huumizwa vibaya na mankozebu hata kama binadamu ameshika pakiti ya kijani.

Mankozebu ikikaa, na hasa ikipata joto, huvunjika na kutoa kemikali nyingine ambayo wanakemia huiita kwa kifupi ETU. Kemikali hiyo huizuia tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo ambayo huvimba mtu akipata rovu, isitengeneze homoni zake. Panya waliolishwa ETU kwa muda mrefu walipata uvimbe wa saratani katika tezi hiyo. Kwa binadamu jambo la saratani halijathibitishwa, na sitaki kukutia hofu bure. La homoni ndilo linalonisumbua zaidi. Mtoto aliye tumboni katika miezi ya kwanza hana thairoidi inayofanya kazi. Ubongo wake hukua kwa kutegemea homoni za mama yake.

Huko Costa Rica, katika eneo la Matina, mashamba makubwa ya ndizi yalikuwa yakinyunyiziwa mankozebu kwa ndege. Kuanzia mwaka wa 2010 watafiti waliwapima mkojo wanawake wajawazito wa eneo hilo. Waliokaa karibu na mashamba walionekana kuwa na ETU nyingi kuliko waliokaa mbali, ingawa wengi wao hawakuwa wameshika bomba wala pakiti ya dawa. Desemba 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuipa mankozebu idhini mpya, baadhi ya sababu zikiwa kwamba yaweza kudhuru uzazi na kuvuruga homoni. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2019, walikuwa wameikataa dawa nyingine ya ukungu, klorothalonili, kwa kuhofia mambo kadhaa yakiwemo mabaki yake kuingia katika maji ya chini ya ardhi.

Sasa rudi kwenye sufuria yako. Wako wanaosema moto huua kila kitu. Moto huua viini vya ugonjwa, ni kweli, lakini mankozebu iliyobaki kwenye ganda la nyanya ikichemshwa hugeuka kuwa ile ile ETU. Kwa hiyo kuosha lazima kutangulie kupika. Jambo la kushukuru ni kwamba mankozebu hukaa juu ya ganda, haiingii ndani. Ukiiosha nyanya moja moja chini ya maji yanayotiririka, ukiisugua kwa viganja na hasa pale kikonyoni, sehemu kubwa huondoka. Ukiimenya, bora zaidi. Sabuni usitie, maana utaondoa kimoja uingize kingine. Kabichi nayo itupe majani ya nje. Dawa nyingine, kama zile zinazochanganywa na mankozebu ili zipenye ndani ya mmea, haziondoki kwa maji. Kinga yake ni mkulima kungoja zile siku zilizoandikwa kwenye pakiti kati ya kunyunyiza na kuvuna.

Na hapo kuna jambo ambalo sisi wa mjini hatupendi kuambiwa. Bei ya nyanya ikipanda ghafla, lori la dalali hufika shambani hata kama bomba limepita jana yake. Mishiri ya kupelekwa Ulaya hupimwa, na ikipatikana na dawa kupita kiasi hurudishwa au kuharibiwa. Nyanya ya soko la Wakulima hainunuliwi kwa kipimo hicho. Hununuliwa kwa macho. Sisi wenyewe tunasimama kibandani tukichagua ile iliyo laini kama shavu la mtoto, na yenye kovu dogo tunairudisha kwa dharau. Mama mboga hawezi kumwambia dalali alete nyanya ambazo wateja wake huzitupa pembeni. Kovu dogo halina madhara yoyote. Iliyooza au yenye ukungu ndiyo ya kukataa.

Usiache mboga na matunda kwa sababu ya haya niliyoyaandika. Mtoto asiyekula mboga ana hasara ya hakika leo.

Kuna hatari nyingine ambayo haipiti tumboni. Hospitali hutumia dawa za jamii ya azoli kutibu ukungu unaoingia mapafuni, hasa kwa watu ambao kinga yao imepungua au ambao mapafu yao yaliachwa na makovu ya kifua kikuu. Wakulima nao hunyunyiza dawa za jamii hiyo hiyo. Kuvu walioko katika udongo na mboji huzizoea. Uholanzi iliona wagonjwa wenye kuvu wasiosikia dawa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka wa 2014 watafiti waliripoti kuvu wa namna hiyo katika udongo wa jirani zetu Tanzania. Wanafunzi wa bayolojia watakaosoma haya wamuulize mwalimu kuhusu jambo hili, kwani ni ndugu wa lile la vijidudu kuzoea antibayotiki.

Mbegu nazo zisisahauliwe. Mahindi ya mbegu hupakwa rangi ya waridi, kijani au buluu ili ujue yametiwa dawa, na baadhi ya dawa hizo ni za ukungu. Iraq, majira ya baridi ya 1971 hadi 1972, serikali iligawa ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya ukungu yenye zebaki. Njaa ilikuwapo na maandishi kwenye magunia hayakuwa ya lugha yao. Wengine waliiosha, rangi ikatoka, wakadhani sumu imetoka, wakaoka mikate. Wagonjwa 6,530 walilazwa hospitalini na 459 kati yao wakafa humo. Mbegu za siku hizi hazitiwi dawa hiyo ya zebaki, lakini zilizobaki baada ya kupanda si githeri, na wala si chakula cha kuku.

Nimalizie na wale wanaoumia kwanza, nao ni wanaobeba bomba. Wanafunzi wengi wakifunga shule hurudi kwa babu na nyanya mashambani, na kazi ya kunyunyiza hupewa wao kwa kuwa wana nguvu. Mzazi, ukimpeleka mwanao likizo, sema mapema kwamba kazi hiyo si ya mtoto. Kwa kijana mkubwa anayeifanya, ajue kwamba saa mbaya kuliko zote ni ile ya kufungua pakiti na kuchanganya, kwa sababu unga hupanda puani. Upepo uwe mgongoni, glavu za mpira mikononi, suruali ndefu, buti, miwani na kizuia vumbi usoni. Kukoroga ni kwa kijiti kisichorudi jikoni. Wengine hunywa maziwa baada ya kazi wakiamini yanaondoa sumu. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayawezi kutoa kilichokwisha kupita kwenye ngozi na mapafuni. Maji na sabuni mwilini, mara tu baada ya kazi, ndiyo yenye maana.

Nguo hizo zifuliwe peke yake, si pamoja na nepi za mtoto, na asizifue mjamzito. Chupa na mitungi mitupu isiwe ya kutekea maji hata ikisuuzwa mara ngapi. Itobolewe ili asiitamani mtu. Asiingie mtu shambani kupalilia kabla dawa haijakauka na muda ulioandikwa kwenye lebo haujapita.

Macho yakiwasha kwa kuingiwa na dawa, yamwagieni maji safi kwa dakika 15 bila kuyasugua. Ngozi ikitoka vipele, vueni nguo zile na muoge. Aliyeimeza msimlazimishe kutapika. Mkimbizeni hospitalini, na pakiti ya dawa iende naye hata kama imelowa matope, ili daktari asome mwenyewe jina la kilicho ndani.