Mahindi Yasiyofaa Kuliwa na Watu Yasipandwe Shambani



Afya ya familia huanzia shambani kabla ya kufika jikoni. Kwa sababu hiyo, mwezi huu tungependa tuzungumzie mahindi, chakula ambacho nyumba nyingi za parokia zetu hukila kila siku.

Kila mkulima amewahi kuliona jambo hili. Umepanda mahindi meupe, jirani yako amepanda ya njano. Siku ya kumenya unakuta magunzi meupe yenye punje chache za njano. Hakuna mtu aliyeingia shambani mwako. Ni kazi ya upepo.

Tuelewe jinsi inavyotokea. Mbelewele iliyo juu ya mmea hutoa unga mwembamba uitwao chavua. Mmea mmoja hutoa chembe za chavua kwa mamilioni. Chembe ikiangukia unywele wa hindi changa, punje moja hutungwa. Kila unywele una punje yake, na kila punje yaweza kuwa na baba tofauti. Chavua ya mahindi ni nzito, hivyo sehemu kubwa huanguka mita chache tu kutoka kwenye mmea, na katika jua kali hufa baada ya saa chache. Hata hivyo, kiasi kidogo husafiri mamia ya mita. Ndiyo maana wazalishaji wa mbegu hutenga mashamba yao kwa mita 200 hivi.

Punje ya njano haimdhuru mtu. Lakini je, kama upepo umebeba kitu ambacho hakikuruhusiwa kuliwa na watu?

Yaliyotokea Marekani

Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliruhusu mahindi yaitwayo StarLink. Yalikuwa yamebadilishwa vinasaba ili yatengeneze protini ya kuua funza wa mabua. Wataalamu waliona kwamba protini hiyo haiharibiki upesi kwa joto wala tumboni, wakahofu kuwa ingeweza kuwaletea watu mzio. Basi yakaruhusiwa kwa chakula cha mifugo na matumizi ya viwandani tu. Wakulima walitakiwa kuacha nafasi ya mita 200 hivi kuyazunguka.

Yalilimwa kwenye eneo lisilofikia sehemu 1 kwa 100 ya mashamba ya mahindi ya nchi ile. Hata hivyo, mwezi Septemba 2000 yaligunduliwa ndani ya vyakula vya watu madukani. Zaidi ya aina 300 za vyakula ziliondolewa sokoni. Baadhi ya wakulima walisema hawakuelezwa sharti lile. Maghala yalichanganya nafaka. Na chavua ilivuka mipaka. Protini ile ilikutwa hata katika mbegu ambazo hazikukusudiwa kuwa nayo.

Tuseme ukweli wote. Watu waliodai kudhurika walichunguzwa, na taarifa iliyotolewa mwaka 2001 ilisema haukupatikana ushahidi kwamba protini ile ndiyo iliyowaletea mzio. Tunashukuru kwa hilo. Lakini watu walikula kile ambacho sheria ilisema wasile, nao hawakujua.

Mwaka 2002 likatokea jambo jingine. Kampuni ya ProdiGene ilikuwa imefanya majaribio ya mahindi yaliyotengenezwa yatoe chanjo ya nguruwe. Katika jimbo la Nebraska masalia yake yaliota yenyewe katika shamba la soya msimu uliofuata, yakavunwa pamoja nayo, na shehena kubwa ya soya ikateketezwa. Katika jimbo la Iowa ekari 155 za mahindi ziliharibiwa kwa hofu kwamba chavua ilikuwa imefika huko.

Maoni yetu

Hatusemi kwamba mahindi yote yaliyobadilishwa vinasaba ni sumu. Yako yaliyopimwa na kuruhusiwa kuliwa, na Afrika Kusini yamelimwa miaka mingi. Tunachosema ni hiki: kitu kisichoruhusiwa kuliwa na watu kisiwekwe kamwe katika mahindi ya shamba la wazi.

Wapo watakaotuambia kwamba chavua haifiki mbali, na umbali ukizingatiwa hatari huwa ndogo. Ni kweli kwa sehemu. Kwa biashara ya kawaida, punje chache si kitu. Lakini mwenye mzio hadhuriwi kwa magunia, na dawa hufanya kazi kwa kiasi kidogo. Tena umbali haumzuii dereva wa lori, mwenye ghala, wala punje iliyoanguka ardhini.

Wamarekani wenyewe walijifunza. Baada ya StarLink walisema hawataruhusu tena zao la namna hiyo kwa mifugo peke yake. Lakini mahindi ya kutengenezea dawa hawakuyakataza. Mwaka 2003 waliongeza umbali wa majaribio hadi maili 1. Sisi tunaona hapo walisimama katikati ya njia. Ziko njia nyingine za kutengeneza dawa, kwa mimea isiyoliwa au ndani ya majengo yaliyofungwa.

Na kwetu je?

Kwetu mashamba yamepakana, mengi hayafiki hata ekari 2, na mita 200 ni mashamba ya familia kadhaa. Mbegu tunapeana, na punje ya chakula mara nyingi huwa mbegu ya msimu ujao. Kwa hiyo tukisikia majaribio yanaletwa karibu nasi, tuulize kwa upole lakini bila woga: Je, mahindi haya yameruhusiwa kuliwa na watu? Nani atayachunga mpaka masalia yake yaishe? Yakichanganyika na yetu, nani atalipa?

Jibu la swali la kwanza likiwa hapana, hayo mengine mawili hayana haja ya kujibiwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa kuuzuia upepo hakuna awezaye kuujenga.