Kabla ya Kuonana na Mwalimu

Muhula ukaribiapo kwisha, huletwa nyumbani barua ya kuwaita wazazi shuleni. Wengi wetu tuipokeapo twadhani ni habari ya fedha tu, ijapokuwa katika shule za serikali za Tanzania ada iliondolewa mwaka 2016 mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita pia. Basi baba husema ana shamba, humtuma mama. Mama humtuma shangazi. Naye shangazi hajui hata mtoto yu darasa gani.

Sisi nasi tulikosa. Mwaka mmoja tulikwenda bila kujitayarisha, tukaambiwa mtoto wetu ni mvivu. Tukaitikia, "Ndiyo, Mwalimu," tukarudi, tukamchapa. Miezi ilipita ndipo tulipofungua daftari lake. Hesabu alizoandikiwa na mwalimu daftarini zilikuwa sawasawa. Zile alizonakili ubaoni, 3 imekuwa 8, na 1 imekuwa 7. Mtoto alikuwa haoni mbali! Na daftari lile lilikuwamo mfukoni mwake siku zote. Alipewa dawati la mbele, kisha miwani. Fimbo hazirudi, tulimwomba radhi.

Kwa hiyo twawasihi, siku mbili tatu kabla ya kwenda, ketini na madaftari. Msitazame alama peke yake, bali kosa lile lirudialo. Kisha mwulizeni mtoto kwa upole: Waketi wapi darasani? Somo gani lakutia hofu? Tena andikeni katika kikaratasi mambo asiyoweza mwalimu kuyaona: kwamba mtoto huteka maji kabla ya kucha, kwamba sikio lake lilitoka usaha, kwamba nyumbani mna msiba. Kipimo cha serikali ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja, na madarasa mengi yapita hesabu hiyo. Atajuaje?

Mkifika, msianze kwa lawama, wala msikae kimya kama washtakiwa. Maswali mawili yatosha: mtoto akwama wapi, na sisi nyumbani tufanye nini mpaka muhula ujao. Habari ya michango na sare ingojee.

Nanyi walimu, msimsomee mzazi alama za mwanawe mbele ya wenziwe. Mwiteni kando, mfungulieni daftari, na kama hajui kusoma, mwonyesheni kwa kidole.