Usalama wa Chanjo: Tusitegemee Daftari za Wengine

Mzazi akimwuliza mwalimu mkuu kama chanjo anayopewa binti yake shuleni ni salama, hujibiwa kwamba wataalamu wamethibitisha. Jibu hilo ni sahihi. Lakini mzazi anayo haki ya kuuliza zaidi: wamethibitishaje?

Kabla ya kuruhusiwa, chanjo hujaribiwa kwa watu maelfu kadhaa, pengine makumi ya maelfu. Dhara linalompata mtu mmoja katika laki moja laweza kabisa kutoonekana humo. Hujitokeza baadaye, umma unapochanjwa, na hapo hapana budi pawe na daftari la kulinasa.

Ufini ilipata funzo hilo. Katika janga la mafua la mwaka 2009 watu wake walipewa chanjo iitwayo Pandemrix. Ilipofika Agosti 2010, baada ya madaktari wa huko na wa Uswidi kueleza kwamba watoto walikuwa wakishikwa na nakolepsi, maradhi ya kuelemewa na usingizi mchana, Ufini iliisimamisha. Kwa kuwa kila raia ana namba yake moja, kumbukumbu za chanjo zilioanishwa na za hospitali katika kompyuta. Ikadhihirika kwamba kwa wenye umri wa miaka 4 hadi 19 waliochanjwa, hatari ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara 12. Hawakubishana kwa uvumi, walihesabu.

Hata hivyo nchi moja, hasa iliyo ndogo, haitoshi kwa madhara yaliyo adimu sana. Ndiyo maana uchunguzi wa chanjo za UVIKO-19 uliotolewa mwaka 2024 uliunganisha hesabu za watu milioni 99 kutoka nchi nane. Jalada la mgonjwa halikuvuka mpaka: kila nchi ilihesabu kwa utaratibu ule ule, kisha ikapeleka jumla tu. Wale wanaohofia kwamba siri zetu zitachukuliwa na wageni wangelitafakari jambo hilo.

Katika nchi hizo nane haikuwamo hata moja ya Afrika.

Wapo watakaosema haidhuru, mwili wa binadamu ni mmoja. Basi watueleze nani angetuchunguzia chanjo ya malaria. Katika majaribio ya chanjo ya RTS,S yaliyofanyika katika nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwamo, yalizuka mashaka juu ya homa ya uti wa mgongo, malaria ya ubongo na vifo vya watoto wa kike. Daftari za Ulaya zisingeweza kusema neno. Ilibidi Ghana, Kenya na Malawi zichanje watoto kuanzia mwaka 2019 huku wagonjwa wakiandikwa hospitalini na vifo vikiandikwa vijijini. Mashaka hayo hayakuthibitika, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo.

Kazi hiyo ilikuwa mpango maalumu wenye fedha zake. Yetu yapasa iwe ya kila siku. Tanzania imekwisha kuanza kuandika chanjo za watoto katika kompyuta, lakini mashine haiwezi kujua kwamba Neema Juma wa kadi ya kliniki ndiye Neema J. Hamisi wa daftari la wodi, ikiwa hakuna namba inayowaunganisha. Namba hiyo itolewe mtoto anapozaliwa, na karani wa zahanati, mwuguzi wa wodi na mwalimu wa darasa waiandike ile ile.