WAKALA WA AI AKUSOMEE, SAINI UWEKE MWENYEWE

Leo naongea na wale wenye wateja wa nje wanaolipa kwa kripto. Mteja anakwambia ametuma ETH, ukifungua pochi yako ya simu unakuta WETH. Siku hizi kuna wakala wa AI, yaani programu unayoiandikia tu "nigeuzie WETH yangu iwe ETH" na inamaliza kila kitu yenyewe. Watu wanaisifia sana. Mimi msimamo wangu ni huu: akusomee, akueleweshe, akuandalie, ila asishike ufunguo wako.

Kwanza tuelewane. ETH ni hela asilia ya mtandao wa Ethereum, ulioanza 2015. Kanuni ya tokeni inayoitwa ERC-20 ilikuja baadaye, kwa hiyo ETH yenyewe haiifuati. Ili itumike kwenye programu zinazotaka tokeni za aina hiyo, ETH inafungiwa ndani ya mkataba wa kidijitali na wewe unapewa WETH kama stakabadhi. Ni 1 kwa 1. Ukirudisha stakabadhi, unapewa ETH yako. Gharama ni ada ya mtandao tu, wanaiita gesi, na gesi inalipwa kwa ETH. Kwa hiyo kama pochi ina WETH tupu, tafuta kwanza ETH kidogo.

Umeona? Kazi yenyewe ni hatua moja. Sasa kwa hatua moja, kwa nini umpe mtu maneno 12 ya siri yanayofungua mtaji wako wote? Wakala wa M-Pesa tunamwona kila siku, mwingine ni jirani kabisa, lakini PIN tunabonyeza wenyewe. Wakala wa AI amekuwa nani?

Kuna watakaosema AI haina tamaa, haiwezi kuiba. Sawa, lakini inadanganyika. Novemba 2024 kulikuwa na mchezo wa wakala wa AI aitwaye Freysa. Alikabidhiwa ETH na amri moja: usimpe mtu yeyote hela hii. Watu wakawa wanalipia kumwandikia ujumbe wa kumshawishi. Jaribio la 482 likafaulu: mtu alimpindishia maana ya kitendo chake cha kutoa hela, akaachia zote, kama dola 47,000. Hakuna aliyeiba nywila, ni maneno tu. Na wakala wako anasoma kurasa na ujumbe wa watu usiowajua. Tapeli akificha amri humo, anaweza kuifuata akidhani imetoka kwako.

Kwa hiyo muunganishe kwa namna ambayo kila muamala unakuja kwenye pochi yako uukubali au uukatae. Kabla hujakubali, angalia haya:

1. Kitendo. Kufungua WETH kunaonekana kwa neno "withdraw". Ukiona "transfer" kwenda kwenye anwani ya mkataba wa WETH, kataa. Ukituma namna hiyo hupati ETH, tokeni zinakwama humo.

2. Kibali. Kufungua WETH moja kwa moja kwenye mkataba wake hakuhitaji "approve". Wakala akiomba kibali, hasa kile kisicho na kikomo, mwulize cha nini. Kibali kama hicho ni sawa na kumwachia mtu droo ya mauzo wazi.

3. Mtandao. WETH iliyoko Polygon imepita kwenye daraja, na hela asilia ya kule ni POL. Huwezi kuifungulia palepale ukapata ETH asilia. Unairudisha Ethereum kwa daraja au unaiuza. Kila njia ina gharama yake na hatari yake.

4. Aina. WBTC si kama WETH. Bitcoin yake imeshikwa na watunzaji, na kuirudisha hupitia wafanyabiashara maalumu. Sisi wadogo tunaibadilisha sokoni kwa bei ya wakati huo. Wakala akisema "nimekufungulia", ujue amekuuzia, uangalie bei na makato.

Najua wengine Kiingereza cha kwenye pochi kinawapa tabu. Hapo ndipo AI inapofaa kweli. Mpe maelezo ya muamala, mwambie akueleze kwa Kiswahili hela inatoka wapi, inakwenda wapi, na nani anapewa ruhusa gani. Hiyo kazi haihitaji ufunguo wako.

Na kama biashara yako ina miamala mingi na lazima wakala afanye mwenyewe, mfungulie pochi ya pembeni, umwekee kiasi ambacho kikipotea bado duka litafunguliwa kesho. Mtaji mkubwa ukae pochi nyingine asiyoijua.

Kuokoa dakika mbili si faida kama gharama yake ni mzigo wa mwezi mzima. Kama unamjua muuzaji mwenzako anayepokea kripto, mtumie hii aisome kabla hajaunganisha pochi yake.